Mawe Manne

Lenzi si yetu. Ni ya Twalib, mpiga picha za harusi,
ametuazima mpaka Alhamisi magharibi
maana Ijumaa ana bibi harusi kule Tononoka.
Nene kama kopo la maziwa ya unga,
ubavuni ina swichi ndogo: washa, zima.
"Hii," alisema, "humshika mtu mkono."

Baba akaitazama mikono yake, akaificha mapajani.
Mikono iliyopiga pasipoti za nusu ya Kuze,
mahujaji, makuli, watoto wa siku arobaini,
sasa haifikishi kikombe mdomoni bila kisahani,
na kisahani chenyewe huimba.

Tulianza na kamera kuukuu, ile ya chuma tupu,
iliyotulisha tangu dukani pa Mwembe Kuku.
Lenzi iliingia. Ikazunguka, ikasema kach.
Ikalala.
Niliwasha swichi, nikazima, nikawasha.
Chuma kile hakina umeme wa kuipa,
na lenzi haina pete ya kufungulia tundu:
tundu limejifinya kama jicho la mtoto anayedanganya usingizi.

"Lete mdogo wake," akasema baba.
Mdogo wake ni ile nyeusi ya miaka ya tisini,
ya filamu vilevile, ila hula mawe manne.
Dukani kufuli; mwenyewe yuko msikitini.
Nikachomoa jiwe moja kwenye saa ya ukutani,
matatu kwenye redio ya mama, jikoni.
Saa ikagota saa nne na dakika kumi na tisa.
Redio ikanyamaza katikati ya matangazo ya vifo,
kabla haijataja marehemu ni wa mlango gani.

Baba akaweka jicho. Akabonya kitufe, nusu tu.
Ndani ya lenzi kitu kikaamka,
mvumo mdogo, mbu aliyenaswa chandaruani.
"Ah," akasema.
Nini?
"Imetua."

Mikono bado ilikuwa ikimcheza,
niliiona, na mkanda wa kamera ukimpigapiga kifuani.
Lakini kule ndani, aliponipa nami nichungulie,
ua wetu ulikuwa tuli
kama maji ya mtungi kata ikishatolewa:
ukuta wa matumbawe, chokaa iliyobambuka,
leso kambani, na mama juu ya mbuzi, akikuna nazi.
Akairudisha jichoni, akachagua thumuni ya sekunde,
mwendo ambao kwa miaka sita hakuuthubutu.

Ndipo mama aliponyanyuka.
"Ni nani alotwaa mawe ya redio yangu?
Na huyo alokufa ni nani?"

Kacha.

Fundi niliyemjua wa kusafisha filamu alikwisha hama mjini,
filamu ikapanda basi la usiku kwenda Nairobi.
Ilirudi baada ya wiki tatu kasoro.
Bibi harusi wa Tononoka alikwisha nuna, akabembelezwa, akarudi kwake.

Tazama: kila jiwe la ukuta lina ukingo wake.
Kombe dogo lililoganda ndani ya tumbawe, unalihesabu mistari.
Msumari. Kutu ya msumari.
Meno ya mbuzi, makali, na juu yake hapana mtu;
pembeni yake moshi wa rangi ya waridi
umeinuka, una kitu kama mkono.
Twalib hakutwambia, au hatukuuliza:
lenzi humshika anayepiga.
Anayepigwa ni juu yake.

Baba aliisogeza picha karibu, nayo ikamtetemekea,
akailaza mezani, akainamia.
"Mawe yametoka yote," akasema.
"Nami je?" mama, kutoka jikoni.
"Wewe hukutoka. Wewe uliondoka."
Akaweka kidole juu ya ule moshi,
kidole kikawa kinausugua bila yeye kutaka.
"Lakini hapa," akasema polepole, "hapa ndipo ulipofanana."

Jikoni kimya kidogo. Kisha kifuniko cha sufuria.
"Na jiwe la saa?"
Sote tukainua macho ukutani:
saa nne na dakika kumi na tisa.